Laki Moja kwa Kila Mtu

Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hiyo ni asilimia 35.1, na asilimia hiyo ndiyo iliyobeba vichwa vya habari. Miaka mitatu kabla ilikuwa asilimia 23.3, na mishahara ya Julai 2022 ilipoingia benki wengi walilalamika kwamba nyongeza yao haikaribii hapo. Asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, haikuwa ya ngazi zote. Namba yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichopotea njiani ni maelezo ya nani anaongezwa, na kwa mtindo gani.

Mishahara huweza kuongezwa kwa mitindo mingi, lakini mingi hiyo ni mchanganyiko wa mitatu. Kuna kuongeza asilimia moja kwa ngazi zote. Kuna kuinua sakafu, yaani aliye chini ya kiwango fulani apandishwe hadi hapo. Na kuna kumpa kila mtu kiasi kilekile cha fedha, kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi. Mtindo huu wa mwisho huonekana rahisi kuliko yote, na pengine ndio wenye haki zaidi machoni pa mtu wa kawaida: laki moja ni laki moja. Kwa mwanahesabu ni kuongeza namba isiyobadilika kwenye orodha ya namba, kanuni ambayo mwanafunzi huikariri kwa dakika mbili. Wastani hupanda kwa kiasi hichohicho, mediani nayo hivyohivyo, mkengeuko sanifu hausogei. Ukiishia hapo, umepata jibu la mtihani. Ukitaka kujua kama nyongeza hiyo imepunguza tofauti kati ya watu, kanuni hiyo inakuacha njiani, na hapo ndipo mabishano ya kweli yanapoanzia.

Tuchukue ofisi ndogo ya watu watano wanaolipwa shilingi 400,000, 500,000, 600,000, 900,000 na 1,600,000. Jumla ni milioni nne, kwa hiyo wastani ni 800,000. Mediani, ile namba inayokaa katikati watu wakipangwa kuanzia wa chini hadi wa juu, ni 600,000. Tayari kuna jambo la kuangaliwa: watatu kati ya watano wako chini ya wastani, maana yule wa milioni moja na laki sita anauvuta kwake. Mediani haivutwi. Hata angelipwa milioni kumi, aliye katikati angebaki yuleyule.

Mkengeuko sanifu unauliza swali jingine: kwa kawaida watu hawa wako mbali kiasi gani na wastani wao? Unachukua umbali wa kila mmoja kutoka kwenye wastani, unauzidisha kwa wenyewe ili hasi zisifute chanya, unatafuta wastani wa hizo, kisha unatoa kipeuo cha pili. Kwa ofisi yetu jibu ni kama shilingi 434,000. Karl Pearson, mwanatakwimu wa London, ndiye aliyekipa kipimo hiki jina lake la Kiingereza katika miaka ya 1890, na tangu hapo kimeenea kila mahali, mara nyingine hata pasipokifaa.

Sasa mpe kila mtu laki moja. Orodha inakuwa 500,000, 600,000, 700,000, milioni moja na 1,700,000. Wastani umefika 900,000, kwa sababu jumla imeongezeka laki tano zilizogawanyika kwa watu watano. Mediani imefika 700,000, na sababu yake ni tofauti kidogo: hakuna aliyempita mwenzake kwenye foleni, kwa hiyo aliyekuwa katikati bado yuko katikati, ila sasa mkononi ana laki ya ziada. Mkengeuko haukupata cha kushika. Mwenye 400,000 alikuwa 400,000 chini ya wastani. Sasa ana 500,000 na wastani ni 900,000, umbali uleule. Kila mtu amesogea na kituo kimesogea naye. Kipimo kinachojali umbali tu hakiwezi kujua kwamba kuna safari iliyofanyika. Ndivyo ilivyo pia kwa tofauti kati ya wa juu kabisa na wa chini kabisa: ilikuwa 1,200,000, na imebaki 1,200,000.

Je, usawa umeongezeka ofisini? Atakayejibu hapana ana ushahidi: pengo la shilingi liko palepale. Atakayejibu ndiyo anao pia: zamani wa juu alilipwa mara nne ya wa chini, sasa ni mara tatu na nukta nne. Ukigawanya mkengeuko kwa wastani, kipimo ambacho Pearson huyohuyo alikipendekeza mwaka 1896, utaona kimeshuka kutoka 0.54 hadi 0.48. Kipimo cha Gini, kilichotolewa na Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912 na kinachotumiwa leo na karibu kila taasisi inayozungumzia tofauti za kipato, kinashuka kutoka 0.28 hadi kama 0.25. Hakuna kati ya wabishani hawa wawili aliyekosea hesabu. Wanapima vitu viwili.

Kwa fedha zilezile laki tano, mwajiri angeweza kutangaza nyongeza ya asilimia 12.5 kwa wote. Wa chini angepata 50,000, wa juu 200,000. Wastani ungefika 900,000 vilevile. Wastani hauoni tofauti yoyote kati ya mipango miwili hii, na kwa sababu hiyo ndio kipimo kinachopendwa na anayetangaza. Mediani ingefika 675,000, chini kidogo ya mpango wa kwanza. Mkengeuko ungepanda hadi kama 488,000, na pengo kati ya wa juu na wa chini lingekuwa 1,350,000. Lakini uwiano ungebaki uleule, mara nne, na Gini ingebaki 0.28 bila kutikisika. Kuzidisha na kuongeza vimebadilishana mahali: kinachotikisa kipimo kimoja hakigusi kingine.

Jambo hili lilipata mwandishi wake mzuri mwaka 1976, katika makala ya sehemu mbili ya mchumi Mfaransa Serge-Christophe Kolm kwenye Journal of Economic Theory. Kolm alianza na Mei 1968. Wanafunzi walifanya fujo Paris, wafanyakazi wakagoma nchi nzima, na mambo yakatulizwa kwa mapatano ya Grenelle ambayo, kwa simulizi ya Kolm, yaliongeza mishahara yote kwa asilimia 13. Kibarua aliyekuwa akipata 80 aliongezwa kama 10. Mkubwa aliyekuwa akipata 800 aliongezwa kama 100. Wenye msimamo mkali waliona wamedhulumiwa, kwamba mgomo wao umepanua pengo. Upande wa pili haukuelewa malalamiko yanatoka wapi: kila mtu amepata sehemu ileile ya mshahara wake. Kolm akavipa vipimo majina ya kisiasa. Vile vinavyonyamaza unapozidisha wote kwa namba moja aliviita vya mrengo wa kulia, na vile vinavyonyamaza unapowaongezea wote kiasi kimoja akaviita vya mrengo wa kushoto. Katikati aliweka vingine, ambavyo huona tofauti imekua ukizidisha na imepungua ukiongeza.

Kwa mgawanyo huo, mkengeuko sanifu ni wa kushoto na Gini ni wa kulia. Inachekesha kidogo, kwa sababu Gini ndiyo inayopigiwa debe na wapigania usawa, na mkengeuko sanifu umejaa kwenye meza za benki. Lakini nadhani Kolm alikuwa na haki ya kutumia majina hayo. Aliyechagua kipimo ameshachagua sehemu ya jibu kabla ya kuanza kuhesabu, na si vibaya jambo hilo lijulikane.

Mtindo wa kuinua sakafu una kituko chake. Kwa laki tano zilezile, ofisi ile ingeweza kuwapandisha watatu wa chini wote hadi kama 667,000 na kuwaacha wawili wa juu walivyo. Wastani ni 900,000 tena. Mkengeuko unaanguka hadi kama 361,000, na ukigawanywa kwa wastani unatoa 0.40. Kwa kipimo chochote kile, cha kulia au cha kushoto, huu ndio mpango uliopunguza tofauti kuliko yote. Lakini tazama mediani: 667,000, ndogo kuliko ya mipango yote miwili iliyotangulia. Anayepima maendeleo ya mfanyakazi kwa mediani peke yake angeuweka mpango huu mkiani. Mediani inamtazama mtu mmoja aliye katikati, na mpango huu umechukua fedha ambazo angepewa yeye ukazipeleka chini yake. Siku hizi wachambuzi wanapenda kusema mediani ni mkweli kuliko wastani. Ni kweli mara nyingi. Hapa haisaidii.

Kuna nchi iliyojaribu kuongeza kiasi sawa kwa mamilioni ya watu, mwaka baada ya mwaka. Januari 1975 nchini Italia, Confindustria, chama cha waajiri kilichokuwa kikiongozwa na Gianni Agnelli wa Fiat, kilikubaliana na mashirikisho matatu ya vyama vya wafanyakazi, likiwemo CGIL la Luciano Lama, kwamba fidia ya kupanda kwa bei iwe na pointi moja kwa wote. Kabla ya hapo mshahara ulifidiwa kulingana na ngazi. Baada ya hapo, kila kipimo cha bei kilipopanda kwa pointi moja, fundi wa mitambo na mhandisi wangefikia kuongezwa lira zilezile. Mfumo wenyewe uliitwa scala mobile.

Kwa kanuni ya kitabuni, mkengeuko wa mishahara haukupaswa kusogea kwa sababu ya fidia hiyo. Lakini Italia ya miaka ya 1970 ilikuwa na mfumuko mkali wa bei, na kanuni ya kitabuni haina bei ndani yake. Pengo la lira laki mbili kati ya watu wawili lilibaki laki mbili kwenye karatasi huku laki mbili zenyewe zikinunua kidogo zaidi kila mwaka. Ukipima kwa uwiano, watu walikaribiana. Ukipima kwa bidhaa ambazo pengo lile lingeweza kununua, walikaribiana pia. Kuongeza kiasi kilekile mara kwa mara, huku bei ikizidisha kila kitu, kulifanya kazi ambayo nyongeza ya mara moja haiwezi kuifanya: kulibana ngazi zote.

Waliobanwa hawakufurahi. Tarehe 14 Oktoba 1980 makarani, wasimamizi na mafundi wa ngazi za juu wa Fiat waliandamana Turin kupinga mgomo uliokuwa umefunga kiwanda, maandamano yanayokumbukwa kwa jina la watu elfu arobaini. Sababu ya siku ile ilikuwa mgomo, ila kinyongo cha kuona ujuzi haulipwi tena kilikuwa chini yake. Mwaka 1984 serikali ya Bettino Craxi ilikata sehemu ya fidia kwa amri; kura ya maoni ya Juni 1985 iliyotaka kurudisha sehemu hiyo ilishindwa; na Julai 1992 mfumo wote ukafutwa kwa mapatano. Mimi naona kosa la Italia halikuwa kuongeza sawa. Kosa lilikuwa kuufanya mtindo huo ujiendeshe wenyewe kwa mashine ya bei, bila mtu kukaa mezani na kuuliza umefika wapi.

Turudi kwenye ule ukimya wa mkengeuko sanifu, kwa sababu kuna mahali ambapo ukimya huo ni sifa njema kabisa. Chukua saa zetu. Mgeni anayesema tukutane saa tisa kwa saa yake anamaanisha saa tatu asubuhi kwetu; tofauti ni saa sita kamili, kila siku. Kama wajumbe watatu wa kikao walifika saa mbili, saa tatu na saa nne asubuhi, wastani wa kufika ni saa tatu. Mgeni ataandika nane, tisa na kumi, na kupata tisa. Wastani umesogea kwa sita, mediani kwa sita. Tofauti ya kuchelewa kwao ni ileile kwenye daftari zote mbili, na lazima iwe hivyo: kuchelewa kwa mtu hakutegemei saa inaanza kuhesabiwa alfajiri au usiku wa manane.

Lakini hapa usijaribu kugawanya mkengeuko kwa wastani. Kwa daftari letu utagawanya kwa tatu, kwa la mgeni utagawanya kwa tisa, na ghafla wajumbe walewale wataonekana wametawanyika mara tatu zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kizungu. Upuuzi huo una sababu moja. Sifuri ya saa imewekwa na watu, na ingeweza kuwekwa popote. Joto ni hivyohivyo. Siku mbili za nyuzi 20 na 30 za Selsiasi zina wastani wa 25 na mkengeuko wa 5. Ukizihamishia kwenye kelvini unaongeza 273.15, wastani unakuwa 298.15, na mkengeuko unabaki 5. Uwiano wa mkengeuko kwa wastani ulikuwa 0.2, sasa haufiki 0.02. Hakuna kilichobadilika angani. Farenhaiti inachanganya mambo mawili, kuzidisha kwa 1.8 na kuongeza 32, na mkengeuko unaipokea ile 1.8 tu, unakuwa 9, bila kujali 32.

Mwanasaikolojia wa Harvard S. S. Stevens aliupanga mgawanyo huu mwaka 1946 katika jarida la Science: kuna vipimo ambavyo tofauti ndizo zenye maana, na kuna vipimo ambavyo hata uwiano una maana kwa sababu sifuri yake ni kutokuwepo kabisa. Saa ya ukutani na Selsiasi ni vya aina ya kwanza. Uzito, urefu na fedha ni vya aina ya pili. Shilingi sifuri ni shilingi sifuri, awe nayo Msukuma au Mfaransa. Hii ndiyo sababu mabishano ya mishahara hayaishi ilhali ya saa hayaanzi. Kwenye saa, kuongeza namba isiyobadilika ni kubadili lugha ya kipimo, na kipimo cha mtawanyiko kinachonyamaza kinafanya kazi yake. Kwenye mshahara, laki moja imemsogeza mtu mbali na sifuri ya kweli, mbali na kulala njaa, na aliyekuwa karibu nayo zaidi amesogezwa kwa kiasi kikubwa zaidi cha maisha yake. Mkengeuko sanifu hauijui sifuri. Haukuundwa kuijua.

Saa ina mtego mwingine, na wanaofanya takwimu za hospitali au za ajali za barabarani hukutana nao. Kanuni yetu inadai namba ziwe kwenye mstari ulionyooka, lakini saa ni duara. Watoto wawili wamezaliwa, mmoja saa tano usiku, mwingine saa saba usiku. Kwa saa zetu wastani ni saa sita usiku, sawasawa. Mgeni mwenye saa ya alama 24 ataandika 23 na 1, ajumlishe, agawe kwa mbili, apate 12, yaani mchana kweupe. Usicheke mapema: wengine wawili wakizaliwa saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi, sisi ndio tutakaopata sita badala ya kumi na mbili, na mgeni na 5 na 7 zake atapata jibu safi. Kila saa ina mshono mahali fulani, na namba zikikaa pande zote mbili za mshono, kuongeza sita hakuhamishi wastani kwa sita. Wanatakwimu wana njia maalumu za duara kwa ajili hiyo. Tarehe za Hijria zina tatizo la aina nyingine tena: mwaka wake una siku kama 354, kwa hiyo tofauti yake na mwaka wa Miladia hupungua polepole, ikianza na 621 katika mwaka wa kwanza wa Hijria na kufika 578 katika mwaka wa 1446. Namba inayobadilika haiongezwi kwa kanuni ya namba isiyobadilika.

Kuondoa ni kuongeza namba hasi, na historia yetu ina mfano mchungu. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898, kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3 kwa nyumba, awe mwenye nyumba ana ng'ombe ishirini au jembe moja. Kodi za kichwa zilizofuata, chini ya Waingereza na hata baada ya Uhuru kwa sura ya kodi ya maendeleo iliyofutwa Tanzania mwaka 2003, ziliendeleza mantiki hiyo kwa viwango mbalimbali. Kodi ya kichwa iliyo sawa kwa wote haigusi mkengeuko sanifu wa mapato hata kwa senti. Waziri wa fedha anaweza kuapa kwamba haijapanua pengo, na asidanganye. Rudisha laki tuliyowapa watu wa ofisi yetu, kisha ondoa laki nyingine kwa kila mmoja: wa chini anabaki na 300,000, wa juu na milioni moja na nusu, na uwiano unakuwa mara tano. Margaret Thatcher alipoleta kodi ya aina hiyo, Uskoti mwaka 1989 na England na Wales mwaka uliofuata, London iliwaka ghasia tarehe 31 Machi 1990, na kodi ikaondolewa mwaka 1993. Waandamanaji hawakuhitaji kusoma Kolm.

Mpaka hapa nimechukulia kwamba kinachoongezwa ni kilekile kwa kila mtu. Katika maisha mara nyingi hakiwi. Mwalimu anayeona mtihani ulikuwa mgumu na kumwongezea kila mwanafunzi alama 10 anaamini ameongeza namba isiyobadilika, ila mtihani una dari la 100. Aliyepata 96 anaongezwa 4, aliyepata 91 anaongezwa 9. Mediani ya darasa, ikiwa iko chini ya 90, itapanda kwa 10 kamili. Wastani utapanda kwa chini ya 10. Na mkengeuko, ambao kanuni inasema haubadiliki, utapungua, kwa sababu walio juu wamezuiwa na dari huku wengine wakiwasogelea. Mediani na wastani zikipanda kwa viasi tofauti baada ya nyongeza inayodaiwa kuwa sawa, hiyo ni dalili nzuri kwamba mahali fulani pana dari au sakafu ambayo hakuna aliyeitaja.

Upande wa hesabu yenyewe, kanuni hii imewasaidia watu kuliko wanavyoikumbuka. Wanafunzi wa sekondari Kenya hufundishwa wastani wa kudhania: ukipewa uzito wa magunia 88, 93, 91, unaondoa 90 kwa kila moja, unafanya hesabu kwa -2, 3 na 1, kisha unairudisha 90 kwenye wastani. Kwenye mkengeuko huirudishi, na wengi hupoteza alama kwa kuirudisha. Kompyuta nayo inahitaji ujanja huo kuliko mwanafunzi. Chukua 4, 7, 13 na 16. Wastani ni 10, na variansi, yaani mkengeuko kabla ya kutoa kipeuo, ni 30 ukigawanya kwa tatu kama ifanywavyo kwa sampuli. Ongeza bilioni moja kwa kila namba. Kwa kanuni, variansi ni 30 bado. Lakini programu inayotumia njia ya mkato ya kujumlisha vipeo na kutoa, kwa usahihi wa kawaida wa kompyuta wa biti 64, inatoa hasi 170.67. Variansi hasi haipo. Hakuna kipeuo chake. Vipeo vya mabilioni vimekuwa vikubwa mno hata tarakimu za mwisho, zilizobeba tofauti zote, zimekatwa. B. P. Welford alitoa mwaka 1962 njia ya kuhesabu namba moja baada ya nyingine huku ukisogeza wastani, na programu nyingi makini hutumia njia ya jamii hiyo. Aliye na orodha ya namba kubwa zinazokaribiana, kama namba za sekunde au za mita za ramani, aondoe kwanza namba moja ya karibu. Hatapoteza kitu, kwa sababu ileile ambayo ofisi yetu ilipata laki kila mtu na mkengeuko usijue.

Au tuseme ilipata laki kwenye barua ya mwajiri. Kodi ya mapato ya ajira Tanzania Bara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, haitozi shilingi 270,000 za kwanza za mwezi, kisha inatoza asilimia 8 hadi 520,000, asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi milioni moja, na asilimia 30 kwa kinachozidi hapo. Mwenye 400,000 akiongezwa laki anabaki na 92,000. Wa pili anabaki na 82,400, wa katikati 80,000, wa nne 75,000, na wa juu 70,000. Namba isiyobadilika imebadilika kabla ya kufika mfukoni. Fedha za mkononi, ambazo mkengeuko wake ulikuwa kama 323,000, sasa zina mkengeuko wa kama 317,000: kipimo kilichokataa kusogea kwenye mishahara ghafi kimesogea kwenye mishahara halisi. Mediani imepanda 80,000 na wastani 79,880, na kati ya watu watano hakuna hata mmoja aliyeondoka na laki. Na hapo makato ya hifadhi ya jamii, ambayo nayo ni asilimia ya mshahara, bado hayajahesabiwa.